Rangi kumi za Monk na kopo langu la Blue Band

Tangu Januari nachora hadithi ya vibonzo kuhusu makuli na akina mama wa dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Ina wahusika kumi na wanne. Siku moja nikampelekea kurasa mama ninayenunua dagaa kwake. Ilikuwa mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa haiendi ziwani, kwa hiyo alikuwa na nafasi. Akafuta mikono kwenye khanga, akafunua, akafunua tena.

"Mwanangu, hawa wote baba yao mmoja?"

Nilicheka. Nilipofika nyumbani nikaangalia vizuri: rangi mbili tu. Kahawia ya asali kwa mashujaa, nyeusi kwa wezi. Na hakuna aliyeniagiza nifanye hivyo.

Ndipo nikapakua skeli ya Monk. Ni rangi kumi za ngozi, namba 1 nyeupe zaidi hadi 10 nyeusi zaidi, zilizopangwa na Ellis Monk, mwanasosholojia wa Harvard, na Google waliitoa hadharani 2022. Ni bure, na kila rangi ina namba yake ya kuingiza kwenye programu ya kuchorea. Iliyozoeleka kabla yake ni ya Fitzpatrick, daktari wa ngozi, ya mwaka 1975. Ile ilianza kwa ngozi nyeupe, kupima inavyoungua juani. Za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, zikawa aina sita. Zile rangi tano za emoji kwenye simu yako zimetoka huko huko. Kwenye Monk nilipata kama rangi tano za watu ninaopishana nao kila siku, nikapiga kura nani apate ipi. Mwizi wangu mkuu aliangukia namba 5. Shujaa, namba 9.

Kasoro niliiona stesheneri. Nilitoa kopi nyeusi na nyeupe, maana kopi ya rangi ni ghali, na kuanzia namba 7 hadi 10 wote wakawa masizi ya sufuria. Ikabidi nirudi kwenye pua, mabega, namna mtu anavyofunga kilemba. Kazi ambayo ningepaswa kuianza mapema.

Nilijaribu pia programu moja ya kubuni wahusika, sitaitaja. Nikaandika "mvuvi, Ziwa Victoria". Ikaniletea bwana mwenye mkuki na shanga, nyuma yake twiga. Twiga, Kirumba! Nimeifuta.

Kilichonisaidia zaidi ni kopo la Blue Band. Nilikata vikaratasi, nikavitia humo nikawa nachomoa bila kuangalia: alikozaliwa (Ukara, Sengerema, Musoma, Bukoba, hapa hapa mjini), umri, kazi, na anapokasirika anatukana kwa lugha gani. Hicho cha mwisho ndicho kitamu. Nilipata fundi mitumbwi wa Ukara anayegombana na mbao kwa Kikara, na kijana wa Kihindi mwenye duka la nyavu ambaye Kisukuma chake kinanishinda mimi.

Kopo likanipa pia karani wa mizani mwenye ualbino, na hapo skeli ilinitupa. Nilimpa namba 1, akatoka kama mtalii aliyeshuka Capri Point. Nikaenda kwa rafiki yangu mwenye ualbino, akaiangalia picha akaguna. "Kofia iko wapi? Na hilo daftari mbona liko mbali hivyo, nalisomaje?" Nikachora upya: kofia pana, mikono mirefu kwenye joto lote lile, daftari karibu kugusa pua. Rangi yenyewe nilikuja kuichanganya mwishoni kabisa, kwa macho.

Skeli naipa nyota nne, hasa kama unachapisha kwa rangi. Kopo utajitengenezea mwenyewe, ila usikopi vikaratasi vyangu. Andika vya mwalo wako.

Wiki iliyopita nilimrudia yule mama na kurasa mpya. Akapita haraka haraka hadi ukurasa wa nne, akaweka kidole juu ya kuli mmoja mfupi mwenye mabega yaliyopinda.

"Huyu namdai elfu sita."