CD mbili za Billy Lee Riley, zimenikumbusha kiti changu cha dramu

Nilipiga dramu kwenye bendi ya dansi Morogoro miaka sita kabla sijahamia Hamburg. Mpaka leo nikisikia muziki wowote, sikio linakwenda kwanza kwenye mguu wa mpiga dramu. Jumamosi iliyopita nilirudia wimbo mmoja mara saba kwa ajili ya mguu huo.

CD zenyewe ni "Classic Recordings 1956-1960" za Billy Lee Riley, mwimbaji wa rock and roll wa Marekani, toleo la Bear Family, kampuni ya hapa Ujerumani inayofukua rekodi za zamani za Marekani. Nimezipata kwenye duka la mitumba kwa yuro 18, na ningelipa hata mara mbili yake.

Riley alizaliwa mwaka 1933 huko Pocahontas, Arkansas, familia maskini iliyolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Gitaa alifundishwa na vibarua Weusi waliofanya kazi nao. Sikiliza "Trouble Bound" ya 1956 utaelewa: kijana Mzungu anaikokota sauti taratibu, kwa uchungu, na gitaa halimharakishi.

Kisha, kwenye studio ya Sun mjini Memphis, akarekodi "Flyin' Saucers Rock and Roll", iliyotoka mwaka 1957. Roland Janes, mcharaza solo, anaanza kwa kulitetemesha gitaa mpaka unahisi kuna kitu kinashuka angani kweli. Kwenye piano yumo Jerry Lee Lewis, kabla hajawa nyota. Na nyuma yupo J.M. Van Eaton, ndiye niliyemrudia mara saba. Hajazi midundo ovyo. Anaiacha bendi ikimbie, halafu anaivuta kidogo, nayo inazidi kuchemka. Sisi Morogoro tulihangaika miaka kuupata mvuto huo.

Uchungu wa maisha ya Riley uko hapo hapo. Janes na Van Eaton walikuwa watu wake, bendi yake, na ndio waliompigia Lewis "Whole Lotta Shakin' Goin' On". Riley akatoa "Red Hot", wimbo ambao Billy "The Kid" Emerson aliutunga na kuutoa Sun mwaka 1955. Wapenzi wa taarabu mtaufahamu mara moja, maana ni mpasho mtupu: mwimbaji anajisifia mpenzi wake ni moto wa kuotea mbali, waitikiaji wanamrudishia kwamba wa kwake si lolote. Ulikuwa na kila dalili ya kuvuma nchi nzima. Lakini Sam Phillips, mwenye Sun, aliamua nguvu na fedha ziende kwenye "Great Balls of Fire" ya Lewis. Riley alilewa, akaenda studio akaanza kuvunja vitu, na Phillips ilibidi aje kumtuliza. Kila nikiusikiliza wimbo ule nasikia kabisa alichonyimwa. Inaniuma mpaka leo, na mimi hata sikuwa nimezaliwa.

Rekodi za mwishomwisho, za 1959 na 1960, zimepoa. Unasikia mtu anayejaribu kila mlango, na nyimbo za taratibu hazimkai vizuri. Mwaka 1960 yeye na Janes walianzisha lebo yao, Rita, na kibao kilichovuma hapo, "Mountain of Love", kiliimbwa na Harold Dorman.

Riley alifariki mwaka 2009. Mwaka 2015 Bob Dylan, akipokea heshima kutoka kwa MusiCares, shirika linalosaidia wanamuziki wenye shida, alimtaja kama shujaa wake na kulishukuru shirika hilo kwa kumsaidia Riley wakati wa ugonjwa wake.

Ukizipata CD hizi, usianzie mwanzo. Weka "Red Hot", funga madirisha kwa ajili ya majirani, pandisha sauti, kisha msikilize Van Eaton kila waitikiaji wanapojibu.