Glovu za kipa: zipi zitavumilia changarawe za Mwanza?

Makipa tunaowaona kwenye televisheni wanaangukia nyasi. Wewe wa ndondo za huku Mwanza unaangukia changarawe, na pengine kuna jiwe limechomoza ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti. Kwa hiyo ukifika dukani usianze kuuliza zinanata kiasi gani. Uliza zitachunika lini.

Namba moja kwangu ni glovu mpya za mazoezi zenye lateksi ngumu (ule mpira unaobandikwa kiganjani), kiganja kinene cha milimita 3 hadi 4. Zikiwa kavu hazinati sana, lakini zilowanishe, uzikamue kidogo, kisha udake. Zile zenye "mifupa" ya plastiki kwenye vidole mimi naziacha, maana kipa anayejifunza anashindwa hata kukunja ngumi apangue krosi.

Namba mbili ni mtumba, ukiwa na macho. Pale soko la Mlango Mmoja unaweza kuokota jozi nzuri kuliko ya dukani, ila lateksi huzeeka hata ikikaa bure. Bonyeza kiganja kwa kidole gumba: ukiona nyufa, au unga ukibaki kidoleni, rudisha. Niliwahi kununua jozi ya kuvutia bila kuipima, na mazoezi ya kwanza tu kiganja kikabanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa.

Namba tatu, msicheke: glovu za ujenzi zilizopakwa mpira kiganjani. Hazipunguzi kishindo cha shuti, lakini zinashika, na mtoto wa mchangani zinamfaa kuliko mikono mitupu.

Lateksi laini za mechi nimezishusha hadi namba nne. Ni tamu, mpira unatulia wenyewe. Ila changarawe inazimaliza upesi, na hata nyasi bandia za uwanja wa Nyamagana zinasugua. Nunua kama tayari una jozi nyingine ya mazoezi.

Mkiani ni zile za plastiki inayong'aa, zenye jina la kampuni kubwa lililokosewa herufi. Mvua ikinyesha mpira unakuponyoka kama kambale.

Saizi: vaa, nyoosha vidole, ibaki nafasi ndogo mbele, isiyozidi sentimita moja. Za kubana hupasuka kwenye mishono.

Udakaji wako nao unaamua glovu zitadumu vipi. Mpira wa kifuani kwenda juu, sogeza vidole gumba vikaribiane, mikono ifanye umbo la W. Wa chini, vidole vidogo ndivyo vikaribiane. Na ukishaanguka, inuka kwa kuegemea ngumi, usisukume ardhi kwa viganja. Hapo ndipo glovu nyingi zinapochunika, wala si kwenye mashuti.

Baada ya mechi zioshe kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni kali, kisha zitundike kivulini. Ukizianika juani kama dagaa wa soko la Mwaloni, zitakauka kama dagaa hao hao.