Seti ya modeli za molekuli inayofundisha kosa

Seti hii, isiyo na jina la mtengenezaji, niliinunua kwa shilingi 45,000 jijini Dar es Salaam ili niwafundishie wanafunzi wa kidato cha sita menyuko ya ubadilishanaji katika kemia ogania, yaani ile ambayo atomu au kundi moja huondoka kwenye kaboni na jingine likachukua nafasi yake. Vitufe vinavyowakilisha atomu ni imara, rangi ni zile zilizozoeleka, na matundu manne ya kaboni yametobolewa kwa pembe sahihi ya nyuzi 109.5. Kwa kufundishia isoma, yaani molekuli zenye atomu zilezile zilizopangwa tofauti, sina la kulalamikia.

Tatizo huanza pale mmenyuko unapoanza. Mwanafunzi akiunda 2-bromobutani, kisha akachomoa bromini ili aweke haidroksidi (kundi la OH), tundu lililobaki wazi ni lilelile ilimotoka bromini, naye bila kusita huchomeka humo. Hilo ndilo kosa ninalohangaika kumwondolea, kwa kuwa katika njia ya SN2, ambamo kundi jipya huingia wakati uleule la zamani linapotoka, haidroksidi huingilia upande ulio kinyume na bromini, na makundi matatu yaliyobaki hulazimika kugeukia upande wa pili. Mgeuko huo, ambao mwanakemia Paul Walden aliuripoti mwaka 1896, haumo katika seti hii hata kidogo. Na mfano wa mwavuli uliopinduliwa na upepo, tunaoupenda sana walimu, unabaki maneno matupu mikononi mwa mtoto aliyeshika plastiki isiyopinda.

Kwa SN1, njia ambamo kundi la zamani huondoka kwanza kabla jipya halijaingia, hali ni ileile. Bromini ikishaondoka kwenye 2-bromo-2-methilipropani, kaboni yenye chaji chanya inapaswa kuwa bapa, kwa pembe za nyuzi 120, ila kitufe hubaki na umbo lake la piramidi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mimi sasa huwaagiza waunde molekuli mbili, ya kabla na ya baada, waziweke kando kwa kando. Hali ya katikati naionyesha kwa kiazi kilichochomwa vijiti vitano vya meno, vitatu kiunoni na viwili kwenye ncha. Kiazi hicho, kwa somo hili, kimeishinda seti nzima.

Anayetaka kuinunua amuulize muuzaji kwanza kama kuna kaboni ya matundu matano. Mimi nilipouliza, baada ya kulipa, niliambiwa huletwa kwa oda.