MC wa rap, MC wa redio: nani ashike maiki ya harusi Arusha na Moshi?

Kamati nyingi za harusi huchagua MC kwa kuangalia video kwenye simu: suti inang'aa, ukumbi unapiga kelele, basi, advansi inatumwa. Cha kuuliza kwanza ni alikuwa anafanya nini kabla ya harusi. Wengi wamepita kwenye kazi mbili tatu za burudani, na kila kazi imewaachia mazoea ambayo kamati itayalipia.

Waliotoka kwenye rap ni wengi, hasa Arusha. Huu ndio mji wa X Plastaz, waliochanganya rap na uimbaji wa Kimaasai, na wa Weusi, ambao mwenzao Nikki wa Pili aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021. Msanii kubadili kazi hapa si ajabu. MC wa aina hii ana pumzi. Ataingiza maharusi kwa dakika 10 bila sauti kukauka, na laptop ya DJ ikigoma anaziba pengo kwa mdomo tu.

Kasoro yake iko mkononi. Marapa hupenda kufumba kichwa cha maiki kwa kiganja. Ukiufunika ule wavu, maiki iliyotengenezwa isikie mbele inaanza kuokota sauti kila upande, ya spika ikiwemo, na hapo ndipo unapozaliwa ule mluzi wa kutoboa masikio. Fundi mitambo hulaumiwa bure. Ashike mpini, mdomo uwe vidole viwili kutoka kwenye wavu, na asikatize mbele ya spika. Kama maiki haina waya, betri mpya ziwekwe kabla maharusi hawajaingia, na za akiba zikae mezani kwa DJ, si kwenye gari la mwenyekiti wa kamati.

Mtihani wake hasa ni ndafu, mbuzi wa kuchomwa wa harusi za Kichaga. Mbuzi mzima anaingia, majani mdomoni, mpishi anacheza naye kuelekea meza kuu. Rapa anapandwa na mzuka, biti inapaa, na jina la baba mkubwa linamezwa na besi. Kwa ukoo uliotoka Rombo au Kibosho kuja kuitwa, hilo si dogo. Majina yaandikwe kwa herufi kubwa, kwa mpangilio wa kuitwa, apewe siku mbili kabla na ayasome kwa sauti mbele ya mtu wa familia. DJ ashushe muziki majina yanapoanza, aupandishe kisu kikigusa nyama.

MC wa redioni anajua saa. Mtu aliyezoea kumaliza tangazo ndani ya sekunde 30 hatamwacha mjomba ahutubie nusu saa. Tatizo ni kwamba studioni hakuwa anawaona wasikilizaji, kwa hiyo anaweza kuendelea kuongea huku watu wameshapanga foleni ya chakula. Wengine hata keki wanaitangaza kama ofa ya vifurushi. Hata hivyo, kwa send-off yenye hotuba nyingi, sisi tungemchukua huyu.

Mchekeshaji anafaa kitchen party. Mbele ya wakwe ni kamari, na utani wa Mchaga na hela ukumbi mzima unaujua tangu shule ya msingi.

Mkataba uandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Nusu ya malipo itangulie. Ielezwe saa zake zinahesabiwa kuanzia muda wa kwenye kadi au maharusi wanapoingia, maana kati ya hapo na hapo saa mbili hupotea kirahisi. Ielezwe pia nyongeza ikipita saa 6 usiku, DJ ni wa nani, na nani atakuja akiugua. Na rapa ataomba kuimba wimbo wake, hilo lina uhakika. Mpeni mmoja, wageni wakiwa wameshakula na zawadi hazijaanza. Baada ya zawadi atawaimbia wahudumu wanaokunja vitambaa vya meza.