Mark X ya mkononi, mwaka na miezi minne baadae

Nilinunua Toyota Mark X ya 2006, ile ya toleo la kwanza, kwa jamaa aliyekuwa anahama. Dalali aliapa gari haina shida, nikamwambia sawa boss, ila twende kwanza kwa fundi wangu akaipime kwa kompyuta na aingie chini. Bushi za mbele zimekufa na shokapu moja inavuja, basi bei ikashuka yenyewe.

Sasa injini. Ni V6 ya 2.5, cc 2499, inasukuma matairi ya nyuma, ukiitoa Kibaha asubuhi unaelekea Chalinze unajiona waziri. Lakini Dar kwenye foleni inakunywa, mi napata kama kilomita 7 kwa lita, safari ndefu inafika 11. Kama mshahara wako ni wa kuhesabu hesabu chukua Toyota Premio ulale usingizi.

Mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwahiyo vavu hazioshwi na petroli, masizi yanajazana, ikianza kutetemeka sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, fundi asikuuzie plagi tu, mwambie acheki intake, njia ya hewa kuingia kwenye injini. Taimingi ni cheni, sio mkanda, hapo umepona, ila kubadilisha oili usicheleweshe.

Kosa langu lilikuwa gereji moja ya mtaani, wakaniwekea oili ya gia boksi isiyo yake, ikaanza kupiga teke ikibadilisha gia, nikalipa mara mbili. Na matuta, jamani, iko chini hii gari. Ila siiuzi.