Bioline Dengue Duo: kipimo kizuri, ukijua kinachonasa nini

Pwani yetu na homa ya dengue wanajuana siku nyingi. Kidingapopo ni jina la Kiswahili, na wapo wanaoamini kuwa ndilo lililozaa neno dengue lenyewe. Dar es Salaam ililipukiwa mwaka 2014, ikalipukiwa tena 2019. Mombasa nayo 2013 na 2017. Kila mlipuko ukija, mgonjwa mwenye homa kali na mRDT (kipimo cha haraka) ya malaria isiyoonyesha kitu huwa ni wa kila saa, na maabara ndogo hutafuta kipimo cha haraka cha kumpima. Bioline Dengue Duo, inayouzwa sasa na kampuni ya Abbott na ambayo wengi bado wanaiita SD kwa jina lake la zamani, ni mojawapo ya vinavyofahamika zaidi. Tunakipendekeza. Lakini kinasomwa vibaya mara nyingi mno, na jibu lililosomwa vibaya kwenye dengue linaweza kumrudisha nyumbani mtu aliyestahili kulazwa.

Ukichana pakiti unakuta kaseti mbili zilizoungana ubavu kwa ubavu. Moja imeandikwa NS1 Ag, hiyo inatafuta protini ya kirusi. Nyingine ni IgG/IgM, inatafuta kingamwili za mgonjwa. Kwenye boksi kuna pipeti ndogo za plastiki, kapilari (vimirija vyembamba vya kupimia damu) za mikrolita 10 na chupa ya bafa, yaani kimiminika cha kusukuma sampuli. Kama pakiti ilikuwa kwenye friji, iache mezani dakika 15 hadi 30 kabla ya kuichana. Joto na unyevu wa pwani hauna huruma: pakiti ya baridi ikifunguliwa papo hapo, kaseti hutoa jasho, utando wake hulowa, na damu haipandi sawasawa.

Upande wa NS1 unadondosha matone matatu, kama mikrolita 100, ya seramu, plazma au damu nzima. Basi, hakuna kingine kinachoongezwa. Upande wa IgG/IgM unaweka mikrolita 10 kwenye kitundu cha mraba chenye herufi S, kisha matone manne ya bafa kwenye kitundu cha duara. Pande zote mbili zinasomwa kati ya dakika ya 15 na ya 20.

Hapo kwenye bafa ndipo mikono mingi inapokosea. Aliyezoea mRDT ya malaria ameshazoea kuweka damu kidogo halafu bafa, na bila kufikiri anaiwekea bafa hata NS1. Sampuli inachujuka, na mstari uliokuwa hafifu unapotea kabisa. Kosa la pili ni la kiasi. Malaria inataka mikrolita 5 tu, tone dogo la kidoleni. NS1 inataka mara 20 ya hiyo. Mpimaji anakikamua kidole mpaka kinatoa maji ya tishu pamoja na damu, na sampuli inaharibika. Chukua mililita 2 za damu ya mshipani kwenye chupa ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau: inayobaki utaifanyia kipimo cha picha nzima ya damu, ambacho mgonjwa huyu anakihitaji vilevile. Ukiwa na sentrifuji, plazma inatoa mistari inayosomeka vizuri kuliko damu nzima.

Kosa la tatu ni kuiacha kaseti na kuja kuisoma baada ya nusu saa. Mstari uliojitokeza baada ya dakika 20 haukubaliki. Kinyume chake, mstari mwembamba uliotokea ndani ya muda ni chanya, hata kama unahitaji kuusogeza dirishani ili uuone. Mstari wa C, unaothibitisha kuwa kaseti imefanya kazi, usipotokea, tupa kaseti, rudia na nyingine.

Sasa tuje kwenye NS1 yenyewe, kwa kuwa thamani ya kipimo hiki imelala hapo. Protini hii haimo kwenye umbo la kirusi kinachosafiri. Seli iliyoambukizwa huitengeneza na kuimwaga kwenye damu, ikiwa imejiunga sita sita kama pipa dogo lenye mafuta katikati, umbo linalofanana na chembe za kolesteroli njema. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti, moja la Chuo Kikuu cha California kule Berkeley na jingine la Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, yalionyesha kuwa NS1 peke yake, bila kirusi chochote, inavujisha mishipa ya damu na kuziamsha seli za kinga kupitia kipokezi kiitwacho TLR4. Kipokezi hicho hicho ndicho kinachotambua sumu ya ukuta wa bakteria. Yaani mwili unaitikia kana kwamba damu imeingiliwa na bakteria: unamwaga saitokini, kemikali za kuziita seli za kinga, na mcharuko (uvimbe na joto la kinga) unasambaa mwili mzima.

Ukutani mwa mishipa kuna jambo jingine. Seli zinazotandika mishipa kwa ndani zimepakwa utando laini wa sukari unaozuia maji ya damu yasitoke ovyo. NS1 ikizigusa, inazichochea ziamshe vimeng'enya vya kwao wenyewe, heparanesi na kathepsini L miongoni mwao, navyo vinaanza kuula utando huo. Plazma inachuruzika kuelekea kifuani na tumboni, chembe nyekundu zinabaki, na ndiyo sababu hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, inapanda wakati shinikizo la damu linashuka. Halafu NS1 inazishika protini za komplimenti, kikosi cha damu chenye kazi ya kutoboa wavamizi, na kuzipunguzia nguvu.

Wakati hayo yakiendelea ndani ya damu, protini nyingine za kirusi ziko kazini ndani ya seli. NS5 inasababisha STAT2 ivunjwevunjwe, na NS2B3 inaikata STING. STAT2 na STING ni nyenzo za seli zetu za kupiga king'ora cha interferoni, protini za kuionya kinga kuwa kirusi kimeingia. Siku za mwanzo kinga inanyamazishwa, kirusi kinazaana kwa nafasi. Mcharuko unakuja baadaye na unakuwa mkubwa kupita kiasi.

Kwa hiyo NS1 chanya siku ya kwanza hadi ya tano ni ushahidi mzuri sana kuwa dengue ipo. NS1 hasi si kibali cha kuondoka, na hapa tunaomba wauguzi na wafamasia watusikilize. Dengue ina aina nne. Aliyewahi kuugua aina moja akipata nyingine, kingamwili zake za zamani zinakishika kirusi bila kukiua, na kukiingiza vizuri zaidi ndani ya seli za kinga ziitwazo monosaiti na makrofaji. Huyo ndiye aliye karibu zaidi na dengue kali. Kingamwili zake hizo hizo huizingira NS1 iliyomo kwenye damu, na kaseti inashindwa kuifikia. Udhaifu wa kipimo umeangukia kwa mgonjwa anayekihitaji kuliko wote. Ndiyo maana tunapenda toleo hili la kaseti mbili kuliko la NS1 peke yake: ukiona NS1 hasi lakini mstari wa G (wa IgG) umekolea siku ya tatu ya homa, mshuku sana, mpime damu kesho yake.

IgM kwa kawaida huanza kuonekana kuanzia siku ya tano hivi. Usiiamini kupita kiasi. Inaweza kuchanganywa na ya Zika au homa ya manjano, hata chanjo ya homa ya manjano huweza kuvuruga jibu, kwa hiyo uliza kama mgonjwa alichanjwa karibuni. IgG ikiwa peke yake inaweza kuwa ya ugonjwa wa zamani. Chikungunya, homa nyingine ya mbu inayofanana na hii, haimo kabisa kwenye kipimo hiki. Na mRDT ya malaria ifanyike hata kama NS1 ni chanya, mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Kuna jambo ambalo kaseti hii haiwezi kulisema: nani atazidiwa. Hatari huja kati ya siku ya tatu na ya saba, homa inaposhuka, wakati ndugu wanasema mgonjwa amepata nafuu. Hapo mstari wa NS1 unaweza kuwa umeanza kufifia huku mishipa ikivuja. Kipindi hicho cha saa 24 hadi 48 kinafuatiliwa kwa hematokriti na chembe sahani, si kwa kurudia kaseti. Hematokriti ikipanda huku chembe sahani zikiporomoka, au mgonjwa akiwa na maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutoka damu kwenye fizi au pua, kulegea au kuhangaika, huyo ni wa hospitali papo hapo. Maumivu na homa vitulizwe kwa parasetamoli kwa kipimo chake. Sindano ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ziwekwe mbali hata kabla ya jibu kutoka, maana zinaongeza hatari ya kuvuja damu.

Kwa anayenunua: kipimo hiki kinafaa kituo chenye uwezo wa kuchukua damu ya mshipani na kupata picha nzima ya damu siku hiyo hiyo, hata kwa kuituma kituo cha jirani. Duka la dawa lisilo na hayo halitapata faida yake, na mteja wake atabaki na mstari asioweza kuufanyia kitu. Kabla ya kulipia, soma tarehe ya mwisho, bonyeza kila pakiti uone kama haijatoboka, na uliza boksi lilihifadhiwa wapi. Kiwango ni nyuzi 1 hadi 30 za Selsiasi. Stoo ya bati isiyo na feni mwezi wa Februari inapita hapo kila mchana, kwa hiyo muombe muuzaji akuonyeshe daftari lake la joto.