Chupa ya kusafishia pua: imenisaidia, ila soma maelekezo

Kazi yangu ni karani wa ghala la korosho hapa Mtwara. Msimu ukifunguliwa Oktoba, magunia yanashushwa na vumbi linatanda mchana kutwa, nami mafua ya usaha yananianza: paji linagonga, harufu mbaya puani, usiku napumua kwa mdomo.

Chupa hii nimeinunua duka la dawa mjini, shilingi 25,000 pamoja na pakiti za chumvi. Ni ya plastiki laini, mililita 240. Unachanganya pakiti moja na maji ya vuguvugu, unainamia beseni, unapumua kwa mdomo huku ukiiminya taratibu. Maji yanaingia tundu hili, yanatokea lile. Mwanzo inawasha hadi machozi, halafu yanatoka makamasi ya kijani mazito ambayo kupenga tu hakuyatoi. Usingizi wangu umerudi.

Kabla ya hapo nilimeza antibiotiki, azuma na amoksilini, mpaka nikachoka. Dozi ikiisha, usaha unarudi. Daktari wa pua na koo akanieleza kwamba kwenye ugonjwa sugu wa sainasi, yaani vyumba vya hewa ndani ya mifupa inayozunguka pua, bakteria hujifunika utando wa ute, mithili ya ute unaoota kwenye mtungi usiosuguliwa, na dawa inayopita kwenye damu haiwafikii vya kutosha.

Ndiyo maana nimefurahi mno na habari za mwaka 2025 za watafiti wa China, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong. Wametengeneza viroboti vidogo kuliko upana wa unywele. Vinaingizwa puani kwa mrija mwembamba, vinavutwa kwa sumaku hadi penye usaha, kisha waya wa mwanga unawashwa. Vinapata joto, vinalainisha usaha, vinazalisha oksijeni kali inayopasua utando na kuua bakteria bila antibiotiki yoyote. Kazi ikiisha unavipenga! Vimejaribiwa kwenye sainasi za nguruwe na kwa sungura walio hai. Kwa binadamu bado.

Chupa yangu inafanya sehemu ndogo tu ya hayo. Inaosha njia, haiui bakteria, na sainasi za juu ya nyusi maji hayazifikii vizuri. Kwa bei yake naipa nyota nne.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu maelekezo hayana Kiswahili hata mstari mmoja, na hapo ndipo penye hatari. Maji ya bomba au kisima msiyapitishe puani hivi hivi: yachemsheni, yapoe, kwani kuna vimelea ambavyo vikipitia puani hufika kwenye ubongo. Chumvi ya mawe pia msitumie. Pakiti zikiisha, mimi huagiza Dar zije na basi, maana hapa haziuzwi peke yake. Na mwenye homa, uvimbe kwenye jicho au damu puani aiache chupa, aende hospitali siku hiyohiyo.